Msimu wa "Funga Dirisha"

4 Machi

Mvua imeanza leo nikiwa studio. Studio ni chumba cha nyuma cha prodyuza wetu, ambaye sote tunamwita Kipaza kwa sababu hawezi kusema neno mtaa wa pili wasilisikie. Kuta amezipigilia magodoro ya zamani, dirisha ameliziba kwa blanketi, lakini juu ni bati tupu. Ikinyesha, hakuna kurekodi. Tunakaa, tunaangaliana, tunasubiri.

Kabla haijashika niliwahi kuimba ubeti wa kwanza. Sauti yangu inakwaruza tangu mwezi uliopita. Nilidhani ni mafua. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, wapi. Nilimaliza ule ubeti nikamwomba Kipaza radhi, nikamwambia anipe wiki moja nipone.

Akavua vile vya kusikilizia vya masikioni taratibu. "Usipone," akasema.

"Nini?"

"Usipone kwanza. Miaka yote unaimba kama mtu aliyeipiga sauti pasi. Leo umeimba kama mtu aliyeamka sasa hivi, na hakuamka peke yake."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha akanichezea nilichoimba, nami nikaona haya kama niliyechunguliwa bafuni. Alisema kweli.

Wimbo unaitwa "Funga Dirisha". Nimeutunga mwenyewe. Mwanamke anamwambia mwanamume afunge dirisha, mvua isije ikasikia watakayosema. Tangu nikiwa msichana naimba nyimbo za watu kwenye bendi ya hoteli, wageni wanakula huku wamenipa migongo. Huu ndio wa kwanza ulio wangu. Nina miaka arobaini na moja. Hapa hakuna wa kumdanganya.

5 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

7 Machi

Mvua. Nimebaki nyumbani na Mama. Yeye anashona sare za shule, mimi napitia maneno kwa sauti ya chini. Akasimamisha cherehani.

"Huyo mwanamke na huyo mwanamume, mvua inanyesha?"

"Inanyesha, Mama."

"Basi si wafunge tu hilo dirisha? Wimbo wa nini?"

11 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa koo. Ni mwanamke, mdogo kwangu, ana mikono ya baridi. Alipitisha mrija mwembamba puani hadi kooni, na kwenye kioo cha mashine nikaona kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote bila kukutana nacho: nyuzi mbili nyeupe, zinafunguka na kujifunga kama mapazia. Uzi wa kushoto una kinundu.

Akaniambia niseme "aa". Uzi wa kulia ukaja, wa kushoto ukachelewa.

"Ni kitu gani?" nikamwuliza.

"Sijui, dada yangu, na sitaki kukisia. Nataka nikitoe, kipelekwe maabara, ndipo tujue."

"Kinaweza kuwa ile?"

Hakuuliza ile ipi. "Kinaweza. Na kinaweza kisiwe."

Nikamwuliza kama nitaimba baada ya hapo. Akavua glavu, akakaa kwenye kiti badala ya kubaki amesimama, na hapo nikajua jibu halitanipendeza. Alisema inategemea mzizi umeingia wapi. Alisema kuanzia leo nisiseme. Hata kunong'ona nisinong'one, kwa kuwa kunong'ona kunauchosha ule uzi kuliko hata kusema. Nikamwomba tusubiri nimalize wimbo.

"Mimi siwezi kukufunga kamba," akasema. "Lakini hicho kitu hakijui kama una wimbo."

12 Machi

Nilimwandikia Mama kwenye karatasi. Alisoma, akaikunja, akaitia kwenye kopo la vifungo. Jioni akaniletea uji, akakaa kitandani kwangu. "Ulipokuwa mchanga ulilia sana, nikamwomba Mungu akunyamazishe," akasema. "Naona maombi yangu yamepitia njia ndefu." Alitaka iwe mzaha. Haikuwa.

15 Machi

Nimeandika barua kwa meneja wa hoteli kwamba sitakuja kwa muda. Mpiga gitaa ameniambia hawakutafuta mwingine. Wamewasha redio.

18 Machi

Mvua ilikatika mchana, Kipaza akanipigia: njoo mbio. Nilikuwa sijatoa neno tangu kwa daktari. Nilijiambia, naokoa sauti kama mtu anayebakiza maji kwenye mtungi, halafu nitayamwaga yote mara moja.

Kiitikio kilitoka. Kilitoka vizuri hata mimi nilisisimka. Ubeti wa pili ukatoka. Ukabaki ule wa mwisho, pale sauti inapopanda, yule mwanamke anapoacha kubembeleza na kuanza kuomba. Nikapanda, ikakatika. Nikapanda tena. Ni kama mguu unaokwenda kukanyaga ngazi isiyokuwepo. Kipaza akaniambia nipumzike, nikakataa. Juu ya bati matone yalikuwa yanarudi, moja moja. Nikapanda tena, na safari hii hakuna kilichotoka, hewa tu.

Nikakaa chini kwenye zulia, na nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kwa ule upepo uliobaki, nilichokiona kwenye kioo na alichosema daktari. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia sina kingine, nisipoimba mimi ni nani. Nikamshika mguu wa suruali, mtu mzima na akili zangu, nikasema usiniache, tafadhali, usiniache. Nililia kile kilio kisicho na sauti ambacho kifua ndicho kinachofanya kazi yote.

Kipaza alitazama juu, kwenye bati lililokuwa linaanza kugongwa. Kisha akasema, "Usipasuliwe kwanza. Tumalize."

Nimemjua tangu tukiwa vijana kwenye bendi. Alibeba jeneza la baba yangu. Nilikuwa namwita kaka, na nilikuwa namaanisha. Nimerudi nyumbani nimelowa, na neno lile linanizunguka kichwani. Hakusema pole. Amesema tumalize.

Lakini mimi mwenyewe si ndicho nilichomwambia daktari?

20 Machi

Mvua. Kimya.

24 Machi

Kipaza ameleta mwongozaji wa video, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa. Nimempa jina la Miwani, na kwa kuwa siongei hakuna anayejua. Alinitazama juu mpaka chini kwa adabu, kama fundi anayepima mlango. Akazungumza na Kipaza, si na mimi. Watu wakiona husemi, huanza kudhani husikii pia.

"Sauti ni ya moto," akasema. "Ila picha inataka mtu. Tutamtumia dada kwa mikono, kivuli kwenye pazia, mgongo. Uso tutaweka wa mwingine."

Kipaza alitazama viatu vyake.

Huyo mwingine alikuwa nje ya mlango anasubiri. Ni binti anayeuza manukato dukani na kucheza dansi kwenye video za watu. Kwa harufu yake wote wanamwita Marashi. Ana shingo ndefu na ngozi isiyo na historia yoyote. Alinipa mkono akapiga goti kidogo, "Shikamoo, dada." Sikuweza kuitikia, na sikutaka.

Nikaandika kwenye karatasi: WIMBO WANGU. Nikampa Kipaza. Akaisoma, akanirudishia.

"Unataka usikike au hutaki?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini.

25 Machi

Nimemchukia yule binti mchana kutwa. Ni kazi inayochosha kuliko nilivyodhani.

29 Machi

Leo nimeusikia wimbo mzima. Kipaza aliuchanganya, sauti na vyombo, peke yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mvua inapiga bati, nikavaa vile vya masikioni.

Ubeti wa kwanza ni mzuri. Kiitikio kinakushika kiuno. Ukafika ule ubeti wa mwisho ambao sikuweza kuuimba, nikangoja nisikie amefanya nini hapo. Mdundo ukanyamaza. Akabaki mwanamke anahema. Kisha, karibu kabisa na sikio, akanong'ona: naogopa. Sina kingine. Usiniache, tafadhali, usiniache. Halafu mdundo ukarudi.

Maiki ilikuwa wazi siku ile. Alinirekodi nikiwa chini.

Ukisikiliza wewe usiyejua, ni mapenzi. Ni mwanamke aliye kitandani asiyetaka mtu wake aondoke. Ni kitu cha moto kuliko vyote kwenye ule wimbo. Hicho ndicho kilichoniuma: kwamba ni kizuri.

Niliandika FUTA. Niliandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Sikukuibia," Kipaza akasema. "Nimekuhifadhi. Wakikukata, wakakutoa sauti yote, hiyo itabaki."

Nikamwonyesha tena. FUTA.

Macho yalikuwa mekundu, sijui kwa usingizi au kwa nini. "Sawa," akasema. "Nitafuta."

2 Aprili

Mvua. Mama ameniuliza mbona nasafisha meno mara nyingi hivi. Nilikuwa natema damu kidogo. Nimesuuza sinki vizuri.

3 Aprili

Daktari amepiga simu, Mama akapokea. Nilimsikia akisema, "Mimi ni mzazi tu, mwanangu. Sijawahi kushinda na huyu hata siku moja." Daktari amekubali kunipangia kitanda baada ya video.

6 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Nimechoka lakini sitaki kulala kabla sijaandika haya.

Tulipata nyumba tupu ya ghorofa moja, wenyewe wamehama, chini ina dirisha kubwa la mbao linaloelekea uani. Waliazima kitanda cha chuma na pazia jeupe. Na tazama ubishi wa mbingu: wiki tano imenyesha bila kuulizwa, leo tunaitaka, jua limetoka kama limekodiwa. Miwani alisimama uani ameshika kiuno anaangalia juu. Ikabidi liletwe boza la maji, na mtu apande kwenye tangi na mpira awe anainyesha. Majirani walipoona maji yanamwagwa wakaja na ndoo. Kila Miwani akisema "kamera", mama mmoja anapita nyuma ya dirisha na ndoo kichwani. Nilicheka bila sauti mpaka mbavu zikauma, na nikamwona Marashi naye anacheka, kaziba mdomo ananitazama mimi.

Walianza na mikono yangu. Kisha mgongo wangu. Kisha nikawekwa nyuma ya pazia na taa, niwe kivuli. Nilifanya yote. Nilijiambia ni kazi kama kazi nyingine.

Ikafika zamu ya Marashi. Amevaa gauni jekundu lililoshonwa na Mama kwa vipimo vyangu kisha likapunguzwa. Akakaa dirishani, spika ikawashwa, akawa anachezesha midomo kwa sauti yangu. Ni binti mwenye kipaji, sasa naweza kulisema. Lakini pumzi alikuwa anazikosa. Mdomo unafunguka, pumzi imeshapita. Nikatoka kwenye kivuli nikaenda nikakaa sakafuni mbele yake, chini ya kamera, nikawa namwonyesha kwa mkono: vuta hapa, shika, achia. Akawa ananifuata kwa macho. Tukapita ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Nilianza kuhisi kama namkabidhi mtoto shuleni siku ya kwanza.

Ndipo mdundo ukanyamaza, na spika ile kubwa ikaanza kuhema.

Hakufuta.

Ilijaza nyumba nzima. Wanawake wa ndoo walisimama uani wakageuka. Mmoja akasema, "Mh, huyu naye," wengine wakacheka. Nilimtafuta Kipaza. Alikuwa nyuma ya mashine yake, hanitazami.

Marashi hakuchezesha mdomo. Alikuwa ananitazama. Miwani akasema, "Kata. Binti, vipi? Hapo ndipo penyewe. Legeza macho, ng'ata mdomo. Turudie."

Wakarudia. Usiniache, tafadhali. Marashi akashuka dirishani, akaja akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Dada, hapa ulikuwa unalia?"

Siku zote hizi watu wameusikiliza wimbo huu. Wapiga vyombo, Miwani, mtu wa taa. Wote walisema ni wa moto. Huyu mtoto niliyeshinda nikimchukia ndiye wa kwanza kusikia kilichosemwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Akasimama. "Hapa siwezi," akamwambia Miwani. "Hapa si mapenzi. Mtafute mwingine."

"Si mapenzi ni nini? Boza linaisha maji."

"Sijui ni nini. Si langu."

Miwani akaanza kupayuka. Kipaza akainuka akaja, nikadhani anakuja kumtuliza, lakini alikuja kwangu. Akasema, "Nilijaribu kuifuta. Kila nikifuta, wimbo unakufa. Ukisema sasa hivi niifute, naifuta mbele yako, na tunafunga vifaa." Mkononi bado alikuwa ameshika waya wa ile mashine. Nikaona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha: mtu huyu anaogopa kuliko mimi. Hana namna ya kunishika nisiende, ila hiyo mashine.

Sikumsamehe. Nataka hilo liandikwe. Lakini nilikwenda nikakaa dirishani.

Miwani alifungua mdomo. Marashi akamwambia, "Nyamaza, kaka, washa."

Sikuwa na rangi usoni. Nilikuwa nimevaa gauni langu la nyumbani, nililolivaa nikiwa kivuli, lile lililofifia. Yule mtu wa boza akafungulia mpira na maji yakanipiga upande mmoja wa uso, ya baridi, kisha spika ikahema, nami nikarudia mwenyewe, bila sauti, kila neno mahali pake. Naogopa. Sina kingine. Nilitazama kwenye lenzi kama nilivyotazama kile kioo cha daktari. Uani hakuna aliyecheka. Sikulegeza macho wala kung'ata mdomo. Mdundo uliporudi sikujua nifanye nini, nikafunga dirisha. Mbao zikagongana, na kamera ikabaki na dirisha lililofungwa na maji yanayotiririka, hadi boza likaisha.

Miwani alivua miwani akaifuta kwa shati. Alinisemesha mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Hiyo hatuirudii," akasema.

11 Aprili

Hospitali. Kesho asubuhi. Mama amekuja na khanga mbili na cherehani ya mkono, eti hawezi kukaa bure. Wauguzi wamemkatalia cherehani.

15 Aprili

Wamekitoa. Kimepelekwa maabara. Nisiseme. Koo kama nimemeza pasi.

16 Aprili

Nisiseme.

22 Aprili

Marashi amekuja kuniona, ameleta maua ya plastiki kwa sababu ya halisi yanakohoza wagonjwa, kasema. Singo imetoka. Video nayo. Alinionyesha kwenye simu yake: yeye ubeti wa kwanza na wa pili, mimi mwisho. Watu wameandika mengi chini. Wengine wanauliza yule bibi dirishani ni nani. Mmoja ameandika kwamba usiku alimpigia simu mume wake aliyetengana naye. Mwingine ameandika tusi.

Marashi amesema dukani kwake wanaucheza mchana kutwa, na kila ukifika pale mwisho yeye huenda stoo.

26 Aprili

Si ile.

Daktari alisema hivyo kabla hata sijakaa, na Mama akaketi sakafuni pale pale ofisini, na khanga yake, akaanza kumshukuru Mungu kwa majina yote anayoyajua. Mimi nilingoja, kwa kuwa daktari alikuwa bado amekaa kwenye kiti.

Mzizi ulikuwa umeingia ndani. Alilazimika kukata sehemu ya uzi. Nitasema, nitaishi, nitazeeka. Kuimba kama zamani, hapana. Nikamwandikia: je, ningekubali nipasuliwe Machi? Alisoma swali langu mara mbili.

"Naweza kukwambia wiki zile hazikufanya kitu, ukalala usingizi," akasema. "Sijui, dada yangu. Siwezi kukwambia zilifanya, wala siwezi kukwambia hazikufanya."

Akaniruhusu neno moja. Nikasema, "Mama."

Ilitoka nene, ya chini, ina mchanga ndani. Daktari akaandika kitu. Mama aliinua uso pale chini.

"Umemleta baba yako," akasema.

29 Aprili

Najifunza kuomba chumvi. Nikijisikia nasema, nageuka kuona nani ameingia.

30 Aprili

Kipaza anatuma ujumbe kila siku. Pona haraka. Wanautaka wa pili. Sauti ile ile, usiibadilishe. Hajui. Hakuja hospitali hata mara moja. Marashi anasema alifika getini akarudi.

2 Mei

Leo nimeamua kumwambia mwenyewe. Si kwa ujumbe. Jua limewaka tangu asubuhi, Mama yuko barazani na cherehani, mimi nimekaa kwenye ngazi. Nikapiga. Akapokea, na nyuma yake nikasikia wimbo, mimi yule wa Machi, niko kwenye kiitikio, nambembeleza mtu.

"Nani mwenzangu?" Kipaza akauliza, kwa kelele zake zile zile.

"Ni mimi."

"Wewe nani, kaka?"

"Mwenye huo wimbo," nikasema.

Akacheka, si kwa ubaya. "Wenye huo wimbo siku hizi wamekuwa wengi, kaka yangu," akasema, akakata.

Nilikaa na simu mapajani. Mama alisimamisha cherehani.

"Amesemaje?"

"Hakunijua. Wimbo ulikuwa unapiga nyuma yake."

Mama alikata uzi kwa meno, akainyoosha sare magotini. Mimi nilikuwa najisikia kama mtu aliyerudi kwake akakuta amebadilishiwa kitasa.

"Piga tena," akasema.

"Nimwambie nini, Mama?"

"Mwambie azime huo wimbo kwanza. Mtu atakusikiaje, na wewe unamwimbia?"

Nikapiga tena.